Shangazi Anastaafu, Magari Manane Bado Yako Uani

Tarehe 30 ya mwezi huu, Mkuu wa Usafiri wa hospitali yetu anafunga mlango wa ofisi yake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Jina lake kamili limeandikwa kwenye cheti atakachokabidhiwa leo ukumbini. Hapa tutamwita kama anavyoitwa siku zote, kuanzia mlinzi wa getini hadi daktari bingwa: Shangazi.

Jina hilo alipewa na madereva, na hawakumpa kwa mapenzi. Shangazi, kama ajuavyo kila mwenye shangazi, ni mtu anayeingia nyumbani hodi ikiwa bado mdomoni, anafunua sufuria, anauliza kwa nini mtoto amekonda, na akiondoka hakuna kitu kilichobaki mahali pake. Hivyo ndivyo alivyoingia karakana yetu. Alikuja akiwa msichana mwenye stashahada ya ufundi wa magari, wa kwanza katika darasa lake, na hakuona sababu ya kulificha hilo. Mafundi aliowakuta walimpa kazi ya kuosha injini, wakitumaini atachoka arudi kwao. Akaosha. Na huku anaosha, akawa anataja kwa sauti kila nati waliyoisahau na kila waya walioufunga kwa gundi ya karatasi. Haikupita miaka mingi, mafundi wale wakawa chini yake, na wengine wao wako ukumbini leo, wameketi mstari wa mbele, wamevaa suti.

Alipoanza kazi, machela ndani ya magari ya wagonjwa zilifungwa kwa kamba. Yeye ndiye aliyebuni komeo za sakafuni tunazotumia hadi sasa. Yeye ndiye aliyepiga marufuku dereva kuendesha huku amekumbatia simu kwa bega. Tangu awe mkuu, hakuna mgonjwa aliyepoteza maisha barabarani ndani ya gari la hospitali hii. Hilo huwa halitajwi sana, kwa sababu ajali ambayo haikutokea haina picha.

Mkanda kwake haukuwa jambo la kubembelezana. Aliwahi kuja mgeni wa heshima, mzito wa cheo na wa mwili, akasema mkanda unamkunja shati. Shangazi hakubishana naye. Alichomoa ufunguo, akaketi kwenye ngazi ya ofisi, akaanza kumenya chungwa. Chungwa halikuisha kabla mgeni hajafunga mkanda. Mumewe, ambaye ni fundi cherehani, husema kwamba yeye hupanda gari na mkewe kama mtuhumiwa: amefungwa na haruhusiwi kusema neno.

Si kwamba hakosei. Aliwahi kulishikilia gari la Mkurugenzi karakanani akitafuta mlio wa kugonga uliosikika kila lilipokata kona. Akafungua springi, akafungua shokomzoba, akawafukuza watu waliokuwa na mawazo tofauti. Mwishowe ikaonekana ni chupa ya chai iliyoviringika chini ya kiti. Madereva wakauita ugonjwa ule "homa ya chai", na aliyekisimulia kisa chote kwenye mkutano wa wafanyakazi, hatua kwa hatua, bila kujipunguzia aibu, ni yeye mwenyewe. Ana sauti kubwa, haombi radhi upesi, na simu huizungumzia kana kwamba aliye upande wa pili yuko ng'ambo ya mto. Lakini hajawahi kusema gari ni zima ili apendwe.

Tuliombwa wasifu huu uwe mfupi na wa kuchangamsha. Ya kuchangamsha yameishia hapo.

Kila anayefanya kazi hapa anajua huduma yetu ya majumbani: mama akishajifungua na kuruhusiwa, gari dogo la hospitali humrudisha kwake, na muuguzi humfuata huko hadi kitovu cha mtoto kikauke na mama apate nguvu. Magari ya huduma hiyo yalikuwa yamechoka, sakafu nyingine zikiruhusu kuona lami. Uongozi ukaamua kununua mapya manane, na baada ya mchujo yakabaki magari madogo ya aina mbili. Yalilingana kwa urefu, kwa ukubwa wa injini, hata kwa unywaji wa mafuta. Kila wakala alileta gari moja la majaribio likae uani kwetu.

Madereva hawakukawia kuyabatiza. La kwanza lilikuwa jeupe, rimu zinang'aa, skrini pana kama sinia katikati ya dashibodi, taa za mbele zimerembwa wanja. Likaitwa Bibi Harusi. La pili lilikuwa la kijivu, mgongo wa duara, redio ya vitufe, halina hata saa ya maana. Likaitwa Kobe. Watu wakawa wanapiga picha na Bibi Harusi. Kobe aliegeshwa karibu na pipa la taka.

Wengi wetu tukilinganisha magari huanza na usukani. Shangazi huanza nyuma. Anasema mwenye kuchagua gari hukaa mbele siku zote, ndiyo maana mabaya yote hufichwa nyuma. Kwa hiyo alikaa kiti cha nyuma cha kila gari, kushoto, kulia, kisha katikati, akafunga mkanda, akaufungua, akaufunga tena. Akapapasa ubavu wa viti na nguzo za milango akitafuta alama inayoshonwa au kuchapwa mahali mfuko wa hewa ulipofichwa. Akaazima wodi ya wazazi yule mwanasesere wanaofundishia kunyonyesha, akamfunga kwenye kiti cha mtoto mchanga, akakitikisa kiti kile kwa nguvu mpaka wauguzi wakamwonea huruma mwanasesere.

Kisha akamwaga maji uani, akapanga mapipa matupu ya oili, akapakia magunia ya mchanga viti vya nyuma, na kumwagiza dereva wetu mkongwe aende mwendo wa kawaida wa mjini, halafu akwepe pipa ghafla kama anavyokwepa mtoto aliyekimbilia mpira. Kobe alinguruma kidogo, akashika njia yake. Ana mfumo unaozikamata breki za gurudumu moja moja pale gari linapotaka kuteleza. Bibi Harusi hana. Alizungusha makalio kama yuko ngomani, akaangusha mapipa mawili na kugeukia alikotoka. Tulicheka. Shangazi hakucheka, na dereva aliyeshuka akiwa ameloa jasho hakucheka pia.

Mengine aliyoyaona nayaandika hapa kwa sababu nilikuwepo, na kwa sababu yeyote anaweza kwenda uani akayaona kwa macho yake. Kobe ana mifuko ya hewa sita: miwili mbele, miwili ubavuni mwa viti vya mbele, na miwili mirefu inayoshuka kama pazia kufunika madirisha hadi nyuma. Bibi Harusi ana miwili tu, yote mbele. Kobe ana mkanda wa kupita begani kwenye viti vyote vitano, na kila kiti kina kiegemeo cha kichwa. Bibi Harusi, kiti cha nyuma katikati, ana mkanda wa kiunoni pekee, na hapo katikati hana kiegemeo. Gari likigonga kitu, mtu wa hapo hukunjika kama kisu cha mfukoni. Likigongwa kwa nyuma, shingo yake haina pa kuegemea.

Kwa nini basi kulikuwa na mjadala wowote? Kwa sababu ya nyota. Vipeperushi vya magari yote mawili vilionyesha nyota tano za usalama, zile zinazotolewa baada ya gari kubamizwa ukutani kwa makusudi. Kamati ya Manunuzi ikaona nyota tano huku na nyota tano kule, ikasema usalama ni sare, sasa tuangalie mengine. Na kwenye mengine Bibi Harusi alikuwa na skrini, alikuwa na kamera ya nyuma, na bei yake ilikuwa chini kidogo.

Shangazi aliitwa kwenye kikao, nami nilikwenda kumshikia makaratasi. Alieleza yote niliyoyaandika hapo juu. Alisema nyota haikai kwenye jina la gari, inakaa kwenye gari lenyewe lililobamizwa, na kwamba gari la kwenye picha ya kipeperushi lina mapazia ya hewa madirishani ambayo la uani kwetu halina. Ni jina moja na sura moja, alisema, lakini ndani kuna watu wawili tofauti. Mhasibu Mkuu, mtu wa utani, akamuuliza kama anataka wagonjwa wawekewe na mito ya kulalia. Kikao kikacheka. Mwenyekiti akasema nyota ni nyota, na kwamba Shangazi amezoea magari ya zamani, skrini zinamtisha. Kikao kikacheka tena.

Kwenye kikao hicho alikuwepo pia Dada Mkuu wa wauguzi wa majumbani, mama mpole ambaye mikutanoni huwa anafuma sweta za watoto wachanga. Aliweka sindano zake mezani.

"Mwenyekiti, samahani," alisema. "Mama na mwanawe hukaa dirishani, apate hewa. Bibi wa mtoto hukaa dirisha la pili, kwa sababu hakubali kukaa kwingine. Kile kiti cha katikati mnachokichekea nakaa mimi."

Alijibiwa kwamba maoni yake yamepokelewa. Kisha wakapiga kura, na Bibi Harusi akachaguliwa.

Nimejiuliza mara nyingi kama ningenyamaza hapa. Ni kweli kwamba kamati ina haki ya kuchagua, na mtu anaweza kukosea kwa nia njema. Watu wengi huuziwa mbuzi kwenye gunia na hatuwaiti wabaya. Lakini gunia lilifunguliwa, mbele yao wote, na aliyelifungua ni muuzaji mwenyewe.

Ilikuwa siku ya kutia saini mkataba. Afisa mauzo wa wakala, kijana mtanashati mwenye maneno ya asali, alisema kampuni yake imesikia kwamba mama yetu anakaribia kustaafu, na kwa kuthamini utumishi wake wangependa kumzawadia gari moja jeupe, liwe la kwake, aende nalo nyumbani. Makofi yakapigwa. Mwenyekiti alitabasamu kama mtu aliyeona mwiba ukitoka mguuni wenyewe.

Shangazi alishukuru. Alisema zawadi haikataliwi, ila ana ombi dogo, kwa kuwa ana wajukuu na wanakaa nyuma. Akafungua kipeperushi, akaweka kidole juu ya picha.

"Mwanangu, niletee hili. Hili hili la kwenye picha, lenye mapazia yake. Nitalipokea hata leo."

Kijana yule akacheka kidogo. Nadhani alidhani wako peke yao, au alisahau walio chumbani ni akina nani.

"Ah, Shangazi, hilo haliji huku. Wenzetu huko wana sheria zao kali. Huku tunaleta yale ya soko la huku."

Yale ya soko la huku. Niliyasikia maneno hayo kwa masikio yangu, na kila aliyekuwa kwenye chumba kile aliyasikia. Kumbe kiwanda kinajua kushona pazia la hewa. Kinajua kutia mkanda wa begani katikati. Kinao mfumo wa kuzuia kuteleza, uko rafuni. Kuna mahali wanatia vyote hivyo kwenye gari lenye jina lile lile, na kuna mahali wanavitoa, wanaacha nyota kwenye kipeperushi, wanatuongezea skrini. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hawakusema kwamba kuna mikakasi inayotolewa vya ndani kwa makusudi, kwa kuwa anayeuziwa ni wa huku. Shingo ya mama wa huku ina tofauti gani na shingo ya mama wa huko? Mtoto wa siku mbili ni wa soko gani?

Nilitazama nyuso za wakubwa nikitarajia mkataba ungechanwa. Mhasibu Mkuu alikuwa anaangalia kalamu yake. Mwenyekiti akakohoa, akasema uamuzi wa kamati ulishapitishwa na mchakato hauwezi kurudi nyuma, na kwamba magari yetu huenda pole pole tu, hapa hapa mjini. Akamalizia kwamba maji yakimwagika hayazoleki.

"Haya hayajamwagika, Mwenyekiti," Shangazi alisema. "Bado yako kwenye ndoo, na ndoo itakuja kwenye ua wangu." Zawadi akaikataa, akarudi karakanani kwa miguu.

Magari yakaja, yote manane, meupe kama meno. Kanuni ya hospitali inasema gari halibebi mgonjwa kabla Mkuu wa Usafiri hajatia saini kwamba linafaa. Shangazi aliyakagua moja baada ya jingine, kwa haki, hakuruka hata moja, akitumaini labda wamekosea wakaleta mazuri. Hawakukosea. Hakutia saini. Aliandikiwa maelekezo, akajibu. Aliitwa, akaenda, akarudi hajabadilika. Alisema wakitaka ayaruhusu kwa kubeba dawa na mashuka, akiwepo dereva peke yake, atayaruhusu asubuhi hiyo hiyo. Wao walitaka ya kubeba wazazi. Kobe, alipendekeza, yanunuliwe hata matano, wauguzi wapangiwe zamu. Hakujibiwa. Na tusifichane: wapo wauguzi waliomkasirikia, kwa sababu wakati wakubwa wanavutana wao walikuwa wanatembea kwa miguu na mikoba yao juani. Dada Mkuu hakumkasirikia. Alitembea nao.

Ndipo tukasikia kwamba Shangazi ana likizo nyingi alizozilimbikiza, na kwamba kwa kumwonea huruma zimehesabiwa zote kwa pamoja. Alikuwa astaafu mwishoni mwa mwaka. Anastaafu wiki hii. Kwa hiyo, ndugu mnaokula keki, mjue kwamba sherehe hii nzuri imeharakishwa. Mtu ametumikia ujana wake wote ili wagonjwa wetu wafike salama, na siku ya kumpigia makofi imepangwa kulingana na siku ya kutoa magari getini. Hilo si la kuaga mtu. Hilo ni la kumtoa njiani.

Mkuu mpya hajateuliwa. Hadi atakapopatikana, kanuni inaipeleka kazi ya kutia saini kwa karani wa usafiri, ambaye ndiye anayeandika wasifu huu. Wiki iliyopita niliitwa juu. Nilikaribishwa kiti, nikapewa chai yenye maziwa, nikaulizwa habari za mama yangu. Nikaambiwa mimi ni kijana msomi, nina muda mrefu mbele yangu hapa kazini, na kwamba Jumatatu kutakuwa na karatasi nane, jambo la dakika chache. Nikasema ndiyo, mkubwa.

Niliporudi, Shangazi alikuwa akifungasha vitu vyake. Alikwisha kujua nilikotoka, maana hospitali hii haina siri. Hakuniambia nifanye nini. Nilimwomba aniambie, akakataa; alisema yeye amemaliza, na shangazi anayeacha amri mlangoni hajaondoka. Alinichukua tu hadi uani, akafungua mlango wa nyuma wa gari la kwanza, akaniambia niketi katikati. Nikaketi. Nikafunga ule mkanda mapajani. Akafunga mlango, akaenda kuwaaga mafundi.

Nilikaa humo peke yangu muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Mbele yangu, kati ya viti viwili, njia ilikuwa wazi, bila kitu cha kumzuia mtu, hadi kwenye kile kioo cha skrini.

Shangazi, wafanyakazi wenzako tunakushukuru kwa kila safari uliyoizuia na kila uliyoiruhusu. Tunamshukuru fundi cherehani kwa kutuazima mkewe miaka yote hii. Mpumzike, mzungumze mpaka yeye naye apate zamu ya kusema, mpande magari mazuri, mkae popote ndani yake bila hofu. Mwenyezi Mungu akupe afya na siku nyingi zenye heri.

Na kwa wakubwa, kwa heshima zote: karatasi za Jumatatu zisiletwe. Nimekwisha kukaa katikati. Sitatia saini.